Tasnifu ya Chenga

Kuna video moja fupi ya Kaoru Mitoma ambayo nimetumiwa na watu wanne tofauti, na wa kwanza wao alikuwa mjomba wangu. Mjomba si mtu wa Brighton. Ni Arsenal wa zamani, wale ambao 2004 kwao haijaisha. Lakini hiyo video ilimgusa. Inaanza na Mitoma akimwacha beki anaangalia upande mwingine kabisa, kisha maandishi meupe yanatokea: huyu jamaa aliandika tasnifu ya chuo kikuu kuhusu kupiga chenga. Muziki unapanda, beki mwingine analishwa, imeisha. Mjomba akaiweka kwa grupu ya familia, mbele ya mathe na mashangazi wote, na chini yake akaandika: "Hata wa mpira wanamaliza shule."

Nikajibu, "Ni kweli, mjomba," nikazima data.

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Sababu zilikuwa karo, uvivu kiasi, na kitu kingine ambacho nitakifikia. Nataja mapema ili usinichukue kama refa kwa hii maneno. Kila mtu anayemshabikia Mitoma mtandaoni ana kitu chake anachomtumia kusema, na mimi pia nina changu.

Umaarufu wake ni wa ajabu ukiufikiria vizuri. Brighton si timu ya kufanya wasee wagombane Jumatatu kazini. Ni nadra ukutane na jezi yao Nairobi, labda kama mtumba umeleta kwa bahati. Mitoma hashindi makombe Uingereza, hana mbwembwe, akifunga anakimbia kidogo tu na kukumbatiwa. Lakini kijana wa Umoja ambaye hawezi kukutajia kipa wa Brighton atakuambia kuhusu ile tasnifu. Ameiona mara mia. Hajui iliandikwa nini, hakuna anayejua, lakini anajua ipo.

Kwa hivyo tuanze na tasnifu yenyewe, kwa sababu mtandao unaitaja kama jina la viatu.

Mitoma alizaliwa 1997 na akakulia Kawasaki, mji ulioshikana na Tokyo. Alilelewa kwenye akademia ya Kawasaki Frontale, na alipofika miaka 18 klabu ilitaka kumpandisha timu ya kwanza. Akakataa. Ameeleza mara kadhaa kwamba alijiona hayuko tayari, mwili haujafika, na kwamba akiingia hapo angekaa benchi mpaka asahaulike. Akaenda Chuo Kikuu cha Tsukuba kusomea mambo ya michezo. Huko ndiko aliwafunga wenzake kamera ndogo kichwani ili aone macho yao yanaenda wapi wakati wa kushambulia. Alichokiona ni kwamba wale wazuri hawakodolei mpira. Wanamwangalia mtu aliye mbele yao, na nafasi iliyo nyuma yake. Kisha kuna sehemu ya uzito: beki akishaegemeza mwili upande mmoja, huyo ameshapitwa, hata kama mpira bado haujasonga.

Yaani tasnifu ya chenga ilihusu macho ya watu wengine. Hiyo ni habari tamu kuliko ile ya mtandaoni, na nashangaa kwa nini haisambai. Mtandaoni tasnifu imegeuka fomula. Mjapani alikaa maktaba, akapiga hesabu, akatoka na siri, sasa mabeki wa Uingereza wanalipa. Kuna wanaompa hadi PhD. Ilikuwa shahada ya kwanza, jamani, ile kazi ya mwisho ambayo kila mwanafunzi anaandika ndiyo apewe cheti.

Na hesabu ya miaka haikubaliani na hiyo hadithi. Juni 2017, Mitoma akiwa bado mwanafunzi, Tsukuba ilichapa Vegalta Sendai 3-2 kwenye Emperor's Cup. Sendai ilikuwa timu ya ligi kuu, watu wanaolipwa mshahara. Mabao mawili yalikuwa ya Mitoma. Alimaliza chuo 2020. Chenga ilikuwa imeshafika kabla karatasi haijaandikwa. Chuo hakikumfundisha kupita watu, kilimpa miaka minne ya kuchunguza kitu ambacho mwili wake tayari ulikuwa unakijua.

Tena si yeye peke yake. Yuto Nagatomo alipitia Meiji, Junya Ito alipitia Kanagawa, Hidemasa Morita alipitia Ryutsu Keizai. Mpira wa vyuo Japani ni ngazi halisi, na waliochelewa kukua wanaipanda. Ukitazama video ya mjomba utadhani Mitoma ni kituko, mwanamume mmoja aliyeenda kusoma chenga wakati wenzake wanacheza. Kumbe alikuwa kwenye foleni ndefu.

Sasa kile kitu changu. Kwenye chuo nilichosoma, ambacho hakina haja ya kutajwa, mwaka wa tatu tuliambiwa tupeleke mada za projekti. Mimi nilitaka kuandika kuhusu maandishi ya matatu: nani huyachagua, nani huyachora, kwa nini gari likiuzwa maneno hubadilishwa. Nilikuwa nimeshaongea na makanga wawili. Msimamizi wangu nilimpata koridoni baada ya wiki tatu za kumtafuta. Alisikiliza dakika mbili hivi akiwa ameshika mlango wa ofisi, akasema nichague kitu chenye vitabu. Nikatoka hapo nikapita cyber iliyo karibu na geti, ile yenye bango la kuchapisha na kufunga projekti. Jamaa wa cyber alikuwa na projekti zilizokamilika kwa kompyuta, za miaka yote. Unachagua, anabadilisha jina, unalipa. Wengi wa darasa letu walimaliza hivyo na sasa wana vyeti. Sikuondoka siku hiyo, na sitaki kusema niliondoka kwa sababu hiyo, karo ilikuwa imeshanikaba shingo. Lakini baada ya hapo sikuwa tena na kitu cha kunishikilia.

Kwa hivyo watu wanapocheka ati Mjapani aliandika tasnifu ya chenga, mimi kicheko hakinitoki hapo. Ninachoona ni kijana amesimama mbele ya mwalimu anasema nataka kusoma jinsi mtu anavyompita mtu, na mwalimu anasema haya, utahitaji kamera ngapi?

Hiyo sehemu haiwezi kuingia kwenye video fupi.

Na video fupi ndizo zimemjenga, kwa hivyo tuziangalie kama kazi, maana ni kazi. Kuna vijana wanaokata hizi klipu kwa simu, na wengine wana kipaji kuliko wahariri wa televisheni. Wanajua sekunde gani ipunguzwe mwendo. Mitoma anawafaa sana kwa sababu chenga yake ina mapumziko ndani. Anapokea mpira karibu na mstari wa kushoto, anasimama karibu kabisa, beki naye anasimama, halafu kuna ile nusu sekunde ambayo hakuna kinachotokea. Kisha anaenda. Haina madoido ya miguu, na hachezi ngoma juu ya mpira. Kwa mkata video hiyo nusu sekunde ni dhahabu, anaweka ngoma yake kuanguka hapo hapo.

Bao la Molineux la 19 Agosti 2023 dhidi ya Wolves limekatwa hivyo mara nyingi sijui hesabu. Anachukua mpira mbali, upande wa kushoto, anawapita watu njiani kama anayekatiza soko na mkokoteni, anafunga. Hiyo sina ubishi nayo. Bao lenyewe ni video fupi, linaanza na yeye na linaisha na yeye.

Shida ni kwamba mengi ya aliyoyafanya Brighton hayako hivyo. Roberto De Zerbi alipoingia Septemba 2022, ile timu ilikuwa na tabia ya kuudhi: beki wa kati anaukanyaga mpira na kusimama, anangoja adui aje. Banda zima linapiga kelele, piga mpira wewe! Wapinzani wakija, pasi mbili tatu zinapita katikati yao, na mwisho wa hiyo safari yuko Mitoma kushoto na beki mmoja tu wa kumzuia. Zile pasi zinakatwa. Hakuna anayezipa muziki. Tunabaki na mtu na beki wake, kana kwamba mpira ulimwangukia kutoka mbinguni. Klipu inatufundisha kwamba kipaji ni mtu mmoja na nafasi tupu, lakini haituonyeshi nani aliiacha hiyo nafasi tupu.

Kuna bao la 29 Januari 2023, Kombe la FA, Brighton 2 Liverpool 1, dakika za nyongeza. Huwa naliweka nikiwa na hasira na maisha. Krosi inakuja, anaituliza hewani, anamdanganya Joe Gomez kama anapiga, Gomez anajitupa, mpira unaguswa tena bila kuanguka chini, kisha unapigwa kwa nje ya mguu wa kulia. Itazame mara ya pili ukimwangalia Gomez peke yake. Utaona uzito ukienda upande mmoja. Hapo ndipo tasnifu iko, kama unaitafuta.

Kabla yake kulikuwa na Wajapani wengine maarufu Ulaya, lakini umaarufu wao ulikuwa na mwenyewe. Hidetoshi Nakata alienda Perugia 1998 na akafunga mawili dhidi ya Juventus siku ya kwanza ya ligi. Nyuma yake kulikuwa na kundi la waandishi kutoka kwao na biashara ya jezi. Junichi Inamoto alikuja Arsenal kwa mkopo 2001, na mjomba bado anamkumbuka, kwa sababu banda lote lilikuwa linasema ameletwa kuuza fulana. Aliondoka bila kucheza hata mechi moja ya ligi. Umaarufu wakati ule ulikuwa Japani ikitazama Ulaya kupitia mtu mmoja. Siku hizi klipu ya Mitoma inaweza kukatwa na mtu wa Lagos au Jakarta, au na kijana wa Kayole aliyelala chali na bando ya usiku. Na yeye mwenyewe anaonekana hana haraka ya kuuchukua huo umaarufu, labda ndiyo sababu kila mtu anauchukua kivyake.

Wengi wetu tunamchukua kupitia anime. Kama unajua watu wa Blue Lock unajua ninachosema. Macho yanawekewa mwanga wa bluu, jina linaandikwa kwa herufi za Kijapani, upepo wa kuchorwa unazunguka miguu. Inapendeza, sidanganyi, nimehifadhi mbili. Lakini Blue Lock ni hadithi ya washambuliaji 300 kufungiwa mahali pamoja ili atoke mmoja mwenye ubinafsi uliokomaa, kwa hoja kwamba Japani inakosa watu wabinafsi. Halafu ndiyo unamvalisha huyo mhusika kijana aliyekataa mkataba kwa sababu alijiona mdogo, akaenda chuo kuwafunga marafiki kamera kichwani! Mchoro na mtu wanavutana. Tunampenda kama Mjapani wa kuchorwa kwa sababu yule wa kweli anahitaji maelezo marefu. Na huo ndio upande wa umaarufu wake unaonikera zaidi. Chini ya hizo video watu wanaandika ati Wajapani ni mashine, ati wanazaliwa na nidhamu. Inasikika kama sifa. Lakini mashine haina miaka minne ya shaka, na yeye alikuwa nayo.

Kisha kuna ile picha.

1 Desemba 2022, Doha, Japani na Uhispania, moja kwa moja. Mpira unaelekea nje, Mitoma, ambaye ameingia baada ya mapumziko, anaunyoosha mguu wa kushoto na kuurudisha, Ao Tanaka anausukuma wavuni. VAR inakaa na hilo bao muda mrefu. Kwenye televisheni kila mtu aliona majani kati ya mpira na mstari. Nilikuwa kwenye banda, na mzee mmoja mwenye koti la boda alichukua chungwa kwa muuzaji, akaliweka ukingoni mwa meza, akatuambia tulitazame kutoka juu, kisha kutoka upande. Kutoka upande lilikuwa nje kabisa. Kutoka juu tumbo la chungwa lilikuwa bado juu ya meza. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote. Tukanyamaza. Mwenye chungwa akalimenya.

Baadaye ikaja picha ya Petr David Josek wa AP, iliyopigwa kutoka juu ya uwanja, ikasema kile chungwa lilikuwa limesema. Japani ikashinda 2-1 na Ujerumani, iliyokuwa imewapiga Costa Rica 4-2 usiku uleule, ikapanda ndege kurudi nyumbani. Wajapani wakaipa jina: milimita moja ya Mitoma.

Ni picha nzuri kuliko karibu kila klipu yake, kwa sababu ni mojawapo ya vitu vichache kumhusu ambavyo unaweza kubishana navyo hadi ufike mahali. Lakini hata hiyo tumeikata. Ile inayozunguka kwa simu zetu ni mpira, mstari na mguu. Tanaka hayuko. Na Tanaka si mtu tu aliyekuwa karibu: hao wawili walicheza pamoja wakiwa watoto, kwenye klabu ileile ya mtaani Kawasaki. Mpira uliotoka milimita moja ndani ya mstari ulienda kwa jirani wa utotoni. Mtu akiandika hiyo kwa filamu utamwambia apunguze chumvi.

Siku nne baadaye, dhidi ya Croatia, ikaja penalti. Watatu wa Japani walikosa, na Mitoma alikuwa mmoja wao. Alilia mbele ya kamera. Mtandao uliokuwa umeipigia makofi milimita haukuwa na kazi na hayo machozi. Nimewahi kutafuta mtu aliyeikata hiyo penalti vizuri, kwa heshima, na muziki wa polepole. Sijapata.

Kitu kimoja zaidi, na hiki ni cha sisi wenyewe. Mwaka wa kwanza wa Mitoma kwenye ligi ya Japani, 2020, alifunga mabao 13 na Kawasaki ikachukua ubingwa. Mwisho wa msimu akaingia kwenye kikosi bora cha ligi. Unajua nani mwingine alikuwa kwenye kikosi hicho, mbele kabisa, na mabao 28, mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi nzima? Michael Olunga wetu, wa Kashiwa Reysol. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wakiwa daraja la pili, alikuwa amefunga manane kwenye mechi moja, Kashiwa 13 Kyoto 1. Na Olunga tunamwita nani? Injinia. Kwa sababu alikuwa anasomea uhandisi Nairobi huku anacheza ligi yetu. Tulikuwa na msomi wa mpira kabla hatujaletewa wa Brighton, na tulimpa jina la utani tu, hatukumpa hadithi. Nilimwambia mjomba hayo kwa simu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi wewe andika hiyo." Sikujua kama ni amri au ananitania. Nikasema sawa, mjomba.

Nimalize na Chelsea, kwa sababu nilikuwepo, si uwanjani, kwenye banda. 14 Februari 2025, Ijumaa, mechi ya saa tano usiku kwetu. Wenye wapenzi walikuwa mahali pengine, kwa hivyo banda lilikuwa na watu wa aina fulani. Wengi walikuwa Chelsea, na walikuwa na kidonda tayari, maana wiki moja kabla Brighton ilikuwa imewatoa Kombe la FA palepale, bao la ushindi la Mitoma. Dakika ya 27 kipa Bart Verbruggen anapiga mpira mrefu kutoka golini kwake. Unakuja ukipita juu ya bega la Mitoma, anakimbia bila kugeuka vizuri, anaugusa mara moja kwa mguu wa kulia na unakufa pale pale kama umewekwa kwa mkono. Anaingia ndani, anafunga. Hakuna aliyepiga kelele mwanzoni. Watu wa Chelsea walitoa ile sauti ya mtu aliyeona ajali.

Jamaa aliyekaa karibu nami, jezi ya bluu, akatoa simu. Baada ya dakika chache tu bao lilikuwa limeshafika huko, limekatwa, lina muziki. Akaliangalia. Akaliangalia tena, akaliweka polepole, akanionyesha ule mguso kwa kidole. Tukaliangalia pamoja labda mara sita, vichwa vimeinama, bega kwa bega. Dakika ya 38 banda likalipuka. Tuliinua macho tukakuta Yankuba Minteh anakimbia kwenye kona na mikono juu, 2-0, na jamaa akaniuliza mimi imeingiaje.

Nikamwambia sijaona.